Kuuza nyumba Mwanza: ziba maji kwanza, rangi ije mwisho

Dalali akikwambia "piga rangi tu, mengine atajua mnunuzi", mwache aseme. Mnunuzi mwenye hela yake hatishwi na rangi iliyofifia. Anachoogopa ni kile asichojua kitamla kiasi gani: paa linalovuja, ukuta uliopasuka, shimo la choo linalofurika. Akikiona, hakati bei ya ukarabati peke yake, anakata na ya hofu yake. Kwa hiyo kila kazi iulize hivi: hii inamtia mtu wasiwasi, au ni suala la anachopenda? Ya wasiwasi tengeneza. Anachopenda atajifanyia mwenyewe.

Anza darini. Panda saa sita mchana, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Vinuru vinavyopenya kama nyota ndiyo matundu yako. Mara nyingi kosa liko kwenye misumari: mpira wake umekaushwa na jua hadi ukapasuka, na papi (mbao zinazobeba bati) zilizopigiliwa mbichi zilipokauka zimeuachia msumari ukalegea. Ukiugongomea tena kwenye tundu lilelile, utachomoka tena. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene kuliko ule msumari. Kama papi imeoza hapo, badilisha kipande cha papi, usijidanganye na silikoni. Angalia pia kama fundi alipiga misumari kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Kwa nyumba za paa la kujificha, tatizo huwa gata (mfereji wa maji ya mvua) lililo nyuma ya ukuta: majani ya mwembe yakiziba tundu moja la kutolea maji, gata linajaa na kumwagikia darini.

Baada ya hapo jaribu kwa mpira wa maji. Mmoja juu ya paa, akikanyaga kwenye mistari ya misumari, mwingine darini. Mwagia kuanzia chini ukipanda, dakika 10 kila sehemu. Ukianzia juu maji yatateremka paa zima, na hutajua yameingilia wapi.

Paa likishanyamaza ndipo ushughulikie dari. Ile ramani ya kahawia kwenye gypsum haifunikwi na rangi ya maji, hurudi ikikauka. Kama bodi bado ngumu, paka kwanza rangi ya mafuta ya kutangulizia (undercoat), iache ikauke, halafu rangi ya maji. Ikibonyea kwa kidole, kata mraba hadi kwenye mbao, weka kipande kipya, bandika mkanda wa wavu kwenye maungio, ziba kwa unga wa gypsum, kisha piga msasa.

Sasa kuta. Mwanza ni jiji la miamba, na nyumba nyingi za mlimani mguu mmoja uko juu ya jiwe, mwingine juu ya kifusi. Kifusi kinashuka, jiwe halishuki, ukuta unapasuka katikati. Ufa mwembamba kama unywele ulio kwenye plasta tu, ziba ulale. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha na kukata hadi tofali ni habari nyingine. Paka kidonge cha unga wa gypsum uliokorogwa juu yake, andika tarehe, kaa nacho mwezi mmoja wa mvua. Kikipasuka, msingi bado unatembea: muite mhandisi kabla ya fundi rangi. Ufa uliozibwa wiki ya mauzo huonekana, na mnunuzi akishauona hatakuamini hata kwenye jambo la kweli.

Ukuta wa nyuma unaoelekea mlima huwa na chumvi nyeupe na plasta inayobabuka chini. Kupiga plasta mpya bila kugeuza maji ni kutupa simenti. Chimba mtaro nyuma ya nyumba wenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na zibua yale matundu ya bomba kwenye ukuta wa kuzuia udongo. Kisha bandua plasta hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, acha tofali zikauke vizuri, piga upya kwa ndoo 1 ya simenti na ndoo 4 za mchanga uliochekechwa. Mwagilia siku 7. Rangi isubiri wiki 4, la sivyo itavimba malengelenge. Ndiyo maana kazi hizi hufanywa kiangazi, Juni hadi Septemba, halafu vuli ikaja kuzikagua bure.

Maji: funga koki zote usiku, soma mita ya MWAUWASA, soma tena asubuhi. Imesogea? Kuna mahali panavuja. Mwaga chai ya rangi kwenye tangi la choo. Ikionekana bakulini baada ya dakika 20 bila kuflashi, badilisha mpira wa ndani. Shimo lililojaa linyonywe kabla wateja hawajaanza kuja, siyo siku yenyewe. Soketi zilizoungua badilisha, kwa fundi mwenye leseni ya EWURA.

Vigae vya nyumba nzima, jiko la kisasa, geti la maua, chumba cha nyongeza ulichokuwa ukikiwaza: acha. Hela hiyo hairudi. Na kama nyumba iko ndani ya mita 60 kutoka ziwani, usinunue hata kopo la rangi kabla ya kwenda ofisi ya ardhi, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda huo, na wakili wa mnunuzi ataulizia.

Risiti za EFD za bati, simenti na fundi tia kwenye bahasha moja. TRA ikikokotoa kodi ya ongezeko la mtaji, gharama za kuboresha nyumba hupunguza faida inayotozwa, ila kwa aliye na karatasi.