Ukichambua tukio la kishawishi, anza na vitenzi

Wengi wanaoanza kuchambua masimulizi ya tamaa na vishawishi hukimbilia funzo. Wanaandika "Hawa alikuwa na tamaa", wanaweka nukta, basi. Hapo bado hujachambua kitu. Chagua tukio moja fupi, ulisome mara tatu, na kila mara utafute jambo moja tu.

Mara ya kwanza, pigia mstari vitenzi. Kiswahili kinakurahisishia, maana -ka- ya masimulizi hutunga matendo kama shanga. Katika Mwanzo 3:6 mwanamke anaona, mti unatamanika, anatwaa, anakula, anampa mumewe. Katika Yoshua 7:21 Akani, Mwisraeli aliyeiba nyara za Yeriko, anakiri kwamba aliona, akatamani, akatwaa, na sasa vitu vimefichwa ardhini ndani ya hema yake. Kisha fungua 2 Samweli 11:2-4. Akiwa darini, mfalme Daudi anaona mwanamke anayeoga, anauliza ni nani, anatuma wajumbe, anamtwaa. Kutamani hakumo! Wasomaji hukiongeza wenyewe kitenzi hicho bila kujua. Pale ambapo kingekaa pana jibu la swali la mfalme: huyu ni Bathsheba, mke wa Uria Mhiti. Amekwisha kuambiwa ni mke wa mtu, tena wa askari wake aliye vitani, ndipo anatuma watu wakamlete. Kaa hapo muda mrefu. Uchambuzi wako wote unaweza kujengwa juu ya pengo hilo. Na ukifika sura ya 12, utaona kwamba mfano wa nabii Nathani kuhusu tajiri na mwana-kondoo wa maskini hautaji ashiki hata kidogo. Unahusu kutwaa, na Kiebrania kinatumia kitenzi kilekile cha sura ya 11. Kumlaumu Bathsheba kwa kuoga ni kusoma vibaya: Nathani anamshitaki Daudi.

Mara ya pili, sikiliza maneno ya mshawishi, na upime kila sentensi: ni kweli, ni uongo, au ni kweli iliyopindwa? Nyoka anauliza kana kwamba Mungu amekataza miti yote. Mwanamke anamsahihisha, ila naye anaongeza "wala msiyaguse", neno lisilokuwamo katika Mwanzo 2:17. Nyoka anaahidi macho yatafumbuliwa, na katika 3:7 yanafumbuliwa kweli. Katika Mathayo 4:6 Ibilisi ananukuu Zaburi ya 91. Ukitafuta uongo mtupu utakosa nguvu ya matukio haya.

Njia hiyohiyo inafaa kwa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale. Katika kitabu cha 12 cha utenzi wake Odyssey, shujaa Odysseus anapita baharini penye Sireni, viumbe wanaowaangamiza mabaharia kwa kuimba, na wengi huandika kwamba wanamvuta kwa mapenzi. Soma wimbo wenyewe: wanamwahidi maarifa, habari za vita vya Troya na za yote yatokeayo duniani. Wako karibu na mti wa ujuzi wa Edeni kuliko unavyodhani, na ulinganisho huo una uzito.

Mara ya tatu, angalia baada ya tendo. Katika 2 Samweli 13:15 Amnoni, mwana wa Daudi, akiisha kumnajisi Tamari, dada yake wa baba mmoja, anamchukia kuliko alivyompenda. Mwandishi hafafanui, usimalizie kwa niaba yake.

Chunga pia maneno yako mwenyewe. Tamaa kwa Kiswahili cha kila siku ni lawama, lakini katika Luka 22:15 Yesu anasema "nimetamani sana" kula pasaka. Na kujaribu kuna pande mbili: Mwanzo 22:1 Mungu anamjaribu Ibrahimu, ilhali Yakobo 1:13 inasema Mungu hamjaribu mtu. Eleza mapema unatumia maana ipi, ama hoja itajipinga ukurasa wa pili.

Makosa mengine mawili ni mepesi kurekebisha. Mwanzo haitaji tufaha, inasema tunda. Wala sura ya 3 haimwiti nyoka Shetani. Utambulisho huo uko Ufunuo 12:9, kwa hiyo ukiutumia, taja unakotoka.