Maswali ya Wasomaji: Wahakiki, Wachapishaji na Bunilizi za Kisayansi

Barua tulizozipokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni sifa ambazo vitabu vya bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazoegemea sayansi, hupewa na wahakiki kila mwaka unapoelekea ukingoni. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nakala ya riwaya ya N.K. Jemisin iitwayo The Fifth Season. Jaladani pameandikwa kwamba gazeti la New York Times liliihesabu miongoni mwa vitabu mashuhuri vya mwaka 2015. Je, mchapishaji hulipia sifa ya namna hiyo? Na ni nani hasa anayeamua?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, sifa hiyo hailipiwi. Kila mwaka, Novemba inapoisha au Desemba inapoanza, wahariri wa kitengo cha vitabu cha gazeti hilo hutangaza orodha ya vitabu 100 ambavyo kwa maoni yao ndivyo vilivyostahili kuzingatiwa zaidi mwaka huo. Orodha hiyo isichanganywe na nyingine ya gazeti hilohilo, inayotoka kila wiki na kupanga vitabu kwa kufuata mauzo. Ya kwanza ni hukumu ya watu waliosoma, ya pili ni hesabu ya nakala zilizonunuliwa. Na kwa kuwa jina la gazeti ni lile lile, mnunuzi asiyesoma kwa makini anaweza kudhani kwamba kitabu kilichouzwa sana ndicho kilichosifiwa sana.

Hata hivyo, kutolipia hakumaanishi kwamba mchapishaji amekaa akisubiri bahati. Mhakiki hawezi kukisifu kitabu ambacho hakikumfikia, na vinavyomfikia ni vingi kuliko muda wake. Ndiyo maana kampuni kubwa hutoa nakala za awali, za karatasi au za kielektroniki, miezi kadhaa kabla ya kitabu kuingia madukani, na huzipeleka kwa wahariri wa magazeti, kwa wakutubi, kwa wauza vitabu na kwa waandishi wenye jina ambao neno lao moja huweza kumfanya mhakiki afungue ukurasa wa kwanza. Tarehe ya kutoka kwa kitabu nayo hupangwa kwa uangalifu. Jarida la Publishers Weekly, kwa mfano, hutangaza vitabu vyake bora kabla mwaka haujaisha, na hutenga fungu maalumu kwa bunilizi za kisayansi, fantasia (hadithi zenye nguvu za kimiujiza) na hadithi za kutisha. Kwa hiyo riwaya inayotoka katikati ya Desemba huwa katika hatari ya kuangukia kati ya miaka miwili bila kuhesabiwa vizuri katika wowote. Afadhali jarida la Locus, ambalo tangu mwaka 1968 limekuwa likifuatilia uwanja huu peke yake: orodha yake ya vitabu vinavyopendekezwa hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata, baada ya wahakiki wake kupata nafasi ya kuviona hata vilivyochelewa. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua mwaka ulikuwaje kwa bunilizi za kisayansi aanzie huko, kisha ndipo aende kwenye magazeti makubwa.

SWALI: Nafundisha fasihi chuoni. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba wahakiki wenye heshima hawazijali bunilizi za kisayansi. Nimewapinga, lakini nahitaji mfano wa mchapishaji mmoja ambaye vitabu vyake vimewalazimisha wahakiki kugeuka.
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana sehemu ya ukweli, kwa sababu kwa miongo mingi magazeti mengi ya Uingereza na Marekani yalizikusanya riwaya za aina hii katika safu moja fupi, mbali na zile zilizoitwa fasihi. Sithubutu kusema kwamba mchapishaji mmoja ndiye aliyeibadili hali hiyo, lakini mfano unaofaa kuchunguzwa darasani ni Orbit, kampuni iliyoanza Uingereza mwaka 1974, ikafungua tawi lake Marekani mwaka 2007, na ambayo leo ni sehemu ya kundi la Hachette.

Mwaka 2013 Orbit ilitoa Ancillary Justice, riwaya ya kwanza ya Ann Leckie, inayosimuliwa na nafsi iliyokuwa akili ya meli nzima ya kivita ya angani na ambayo sasa imebakiwa na mwili mmoja tu wa binadamu. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke, jambo ambalo hakuna riwaya iliyokuwa imelifanya kabla yake. Uzito wa ushindi huo unatokana na tofauti za waamuzi: Hugo hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi, yaani wasomaji wapenzi, Nebula huamuliwa na waandishi wenyewe, na tuzo ya Clarke, ya Uingereza, hutolewa na jopo dogo linalokaa na kujadiliana. Makundi matatu yenye vipimo tofauti yalipokubaliana juu ya kitabu cha mwandishi mgeni, ikawa vigumu kwa mhariri yeyote wa gazeti kusema kwamba hapakuwa na la kuzungumzia.

Kisha akaja Jemisin, na hapa ndipo ningependa wanafunzi wako watulie. The Fifth Season haikuwa kitabu chake cha kwanza. Orbit ilianza kumchapisha mwaka 2010, na ilikuwa imetoa riwaya zake tano kabla ya hiyo ya mwaka 2015 iliyoingia katika orodha ya New York Times. Mwaka 2016 riwaya hiyo ikampatia Hugo, naye akawa mwandishi wa kwanza Mweusi kushinda tuzo ya riwaya bora. Vitabu viwili vilivyoikamilisha hadithi vikashinda tena mwaka 2017 na 2018, mfululizo ambao haukuwahi kuonekana. Tunaposoma orodha ya Desemba tunaona kitabu kimoja na mwaka mmoja. Hatuioni miaka mitano ya mhariri kuendelea kumwamini mwandishi huyo, kumlipa na kumpa nafasi ya kujaribu jambo gumu zaidi. Kwangu mimi sifa kubwa ya mchapishaji iko hapo.

Mfano wa tatu unatugusa zaidi kwa kuwa ni wa Afrika. Rosewater ya Tade Thompson, daktari wa magonjwa ya akili mwenye asili ya Kiyoruba, inasimulia mji wa Nigeria wa mwaka 2066 uliokua kuzunguka kiumbe kilichotoka nje ya dunia. Ilitoka kwanza mwaka 2016 kwa kampuni ndogo ya Marekani, Apex, na mwaka 2017 ikapata tuzo ya Nommo, inayotolewa na chama cha waandishi wa Kiafrika wa bunilizi za aina hii. Mwaka 2018 Orbit iliichapisha upya, na mwaka 2019 ikashinda tuzo ya Clarke. Kwa hiyo Waafrika walioipa Nommo waliitambua thamani yake miaka miwili kabla ya jopo la Uingereza. Kilichoongezeka katikati ni uwezo wa kampuni kubwa wa kukisambaza kitabu. Nakusihi usiwaache wanafunzi waamini kwamba thamani ilianza siku ile London ilipoitangaza.

Na kama wanataka ushahidi kutoka nje kabisa ya uwanja wa wahakiki, wakumbushe kwamba mwezi Desemba 2020 Barack Obama aliiweka The Ministry for the Future ya Kim Stanley Robinson, nayo ya Orbit, miongoni mwa vitabu alivyovipenda mwaka huo. Ni riwaya inayoanza na joto kali linaloua watu kwa wingi nchini India.

SWALI: Riwaya za Jemisin zina watu wanaotuliza matetemeko ya ardhi kwa nguvu zao wenyewe. Hiyo si sayansi. Kwa nini zipewe tuzo za bunilizi za kisayansi?
Msomaji, Kampala

JIBU: Kwa sababu kanuni za Hugo zinaruhusu fantasia pamoja na bunilizi za kisayansi, na wapiga kura wamezitumia ruhusa hiyo mara nyingi. Niongeze tu kwamba katika riwaya hizo jiolojia imefanyiwa kazi kwa umakini ambao vitabu vingi vyenye vyombo vya angani havina.

SWALI: Mimi ni mwandishi kijana, na nimemaliza mswada wa riwaya ya kisayansi kwa Kiswahili. Je, kuna siku unaweza kufika kwenye orodha hizo?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Mwanangu, hongera kwa kumaliza. Orodha tulizozitaja huangalia vitabu vya Kiingereza, vikiwemo vilivyotafsiriwa, kwa hiyo njia ya kufika huko inapita kwa mfasiri na kwa mchapishaji atakayekubali kumlipa. Riwaya ya Liu Cixin wa China, The Three-Body Problem, ilifasiriwa na Ken Liu, ikatolewa na kampuni ya Tor mwaka 2014, na mwaka 2015 ikawa riwaya ya kwanza ya tafsiri kushinda Hugo.

Lakini ningekushauri uanzie karibu. Katama Mkangi alimpeleka mhusika wake nje ya dunia hii katika riwaya yake ya Walenisi mwaka 1995, na wahakiki wa Kiswahili bado wanaijadili bila kungoja idhini ya gazeti lolote la nje. Ipo pia tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada ya Kiswahili isiyochapishwa. Ukimpata mchapishaji, muulize mapema atapeleka nakala ngapi kwa wahakiki, kwa magazeti gani na mwezi gani, na jibu lake uliandike katika mkataba. Sisi hapa nakala za kuhakikiwa huzipokea hadi mwisho wa Septemba.