Sinema ya China ilizimwa na nini, ikafufukaje?

SWALI: Naendesha banda la video Mwanjelwa. Wateja wamechoka na kung fu, wanataka zile filamu zilizoamsha sinema ya China. Nianze na ipi? Na kwani ililala kwa nini? – Mwenye banda, Mbeya

JIBU: Iliyoizima ni Mapinduzi ya Utamaduni (1966–1976). Kwa miaka kadhaa studio karibu hazikutoa filamu mpya za hadithi. Zilizotamba ni opera za kisiasa, yaani michezo ya kuimba. Chuo cha Filamu cha Beijing kilipokea tena wanafunzi mwaka 1978, wakahitimu 1982. Baadhi walipangiwa studio ndogo ya Guangxi, mbali na mji mkuu, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo ilikuwa bahati yao: huko hakukuwa na foleni ya wakongwe.

Anza na kazi ya wahitimu hao katika studio hiyo, Yellow Earth (1984), mwongozaji Chen Kaige, mpiga picha Zhang Yimou. Usiivute picha ijae skrini. Upeo wa macho, pale ardhi inapokutana na anga, umewekwa juu kabisa, udongo wa njano unameza fremu, mtu anabaki kama sisimizi. Ukivuta, mpangilio wote umekwenda. Na dijei wako anayetafsiri anyamaze nyimbo zikianza. Mwanajeshi kaja kijijini kukusanya nyimbo, hivyo ndizo zinazobeba hadithi. Maana aiseme kwa ufupi kabla.

Wa Jumamosi watalalamika hakuna ngumi. Hao wape Red Sorghum (1987), iliyotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1988. Watoto watoe nje mapema: askari wa Japani wanaamuru mtu achunwe ngozi.