Chombezo huanza kabla ya nguo kuvuliwa

Wanaoanza kuandika hadithi za mahaba za watu wazima huniuliza swali moja kuliko yote: niandike wazi kiasi gani? Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Jua kwanza hawa wawili wanatakiana nini, na nini kinawazuia. Pasipo kizuizi hamu haipandi, na hamu isipopanda msomaji anaruka kurasa.

Kizuizi si lazima kiwe mume aliyesafiri au baba mkali. Hao wametumika mpaka wamechakaa. Kinaweza kuwa kidogo sana. Mwanamume amerudi kuchukua vitabu vyake kwa mwanamke waliyeachana. Mwanamke anampa kimoja kimoja, naye anavipanga kwenye boksi polepole, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. Kitabu cha mwisho mwanamke anakishika bila kukiachia. Hakuna aliyevua hata kiatu, lakini tayari msomaji anataka kujua nani atasema neno la kwanza. Ukimkatiza hapo kwa aya nzima ya kusifia kiuno na midomo, umeizima hamu yote uliyoijenga. Sifa za umbo ndizo nazifuta zaidi ninapohariri.

Katika miaka ya 1940 mwandishi Anaïs Nin aliandika hadithi za aina hii kwa tajiri mmoja aliyelipa dola 1 kwa kila ukurasa, na agizo lililomfikia ni kwamba aache ushairi, abaki na ngono tu. Nin alilipinga kwa hasira: aliona kwamba ngono ikitengwa na hisia inakuwa ya kimashine na kupoteza nguvu zake. Hadithi hizo zilitoka kitabuni mwaka 1977, naye alikuwa ameshafariki. Naamini zimedumu kwa ule ushairi alioambiwa auache.

Ugumu mwingine uko kwenye maneno, na hapa hata waandishi wazuri huteleza. Majina ya kitabibu yanapoza tukio. Ya mtaani yanageuka matusi. Mafumbo nayo yakizidi, msomaji anashindwa kujua nani kamshika nani wapi. Mimi hutegemea vitenzi kuliko majina ya viungo: alimvuta, alisita, aliuma mdomo, alihema. Kisha namwachia mhusika lugha yake mwenyewe. Mjane wa miaka 50 hatamki tamaa yake kama kijana wa miaka 22, na tofauti hiyo peke yake inaweza kubeba tukio zima.

Soma kwa sauti ukiwa peke yako. Ndipo utakapogundua kwamba mhusika ana mkono wa tatu, au kwamba shati alilovua ukurasa uliopita amelivaa tena.

Kuna jambo ambalo silijadili: wahusika wote ni watu wazima, na hilo lisiachwe kwenye kukisia. Ridhaa pia ionekane ndani ya tukio lenyewe. Vyombezo vingi bado vina ile “hapana” inayogeuzwa “ndiyo” kwa nguvu, na vinauita huo mahaba. Siyo mahaba. Anayesema kwamba kuomba ruhusa kunaua utamu hajawahi kuandika vizuri “Niendelee?” ya kunong’ona, na ukimya mfupi unaofuata kabla ya jibu.

Siri za watu halisi usizitumie. Mpenzi wako wa zamani atajitambua hata ukimbadilisha jina na kazi, kwa sababu kinachomtambulisha ni lile jambo dogo mlilolijua wawili tu. Na kama unaandika kwa jina lingine, mwambie mwenzi wako kabla kazi haijatoka. Siku moja ataisoma, na atajiuliza yule mhusika ni nani. Ni haki yake kusikia kutoka kwako kwanza.