Maswali ya Wasomaji: Kanuni za Clarke na Namna ya Kuzitumia

Kwenye mdahalo wa shule yetu, wapinzani walitaja "kanuni ya Clarke" nasi tukakosa la kujibu. Inasemaje hasa?
Mwanafunzi, Morogoro

Ziko tatu, kwa hiyo jambo la kwanza ni kumuuliza mpinzani anataja ipi. Mwenyewe ni Arthur C. Clarke, mwandishi wa hadithi za kisayansi. Ya kwanza: mwanasayansi mashuhuri aliyezeeka akisema jambo linawezekana, karibu hakika yuko sahihi, akisema haliwezekani, yaelekea sana amekosea. Ya pili: mipaka ya yanayowezekana hujulikana kwa njia moja tu, nayo ni kuivuka kidogo na kuingia katika yasiyowezekana. Ya tatu: teknolojia iliyoendelea vya kutosha, huwezi kuitofautisha na uchawi.

Hazikutoka siku moja. Ya kwanza imo katika kitabu chake Profiles of the Future cha 1962, kwenye insha kuhusu wataalamu waliokosea kutabiri. Mmoja wao ni Simon Newcomb, mwanaastronomia wa Marekani aliyepinga kwamba chombo kizito kuliko hewa kingeweza kurushwa kwa manufaa. Desemba 1903 ndugu wawili Wright wakaruka kwa ndege yao. Ya tatu aliiingiza katika toleo la 1973, akaongeza kuwa Newton alitosheka na kanuni tatu, basi naye ataishia hapo.

Shikeni sana maneno "karibu hakika" na "yaelekea sana". Ndiyo yanayodondoshwa watu wakinukuu kwa haraka, na yakidondoka, kauli ya tahadhari inageuka hukumu. Huyo "aliyezeeka" naye asiwapoteze. Clarke aliandika kuwa katika fizikia, hisabati na safari za anga za juu, ni yeyote aliyepita miaka 30. Hapo Clarke hawapingi wazee wa "penye wazee haliharibiki neno".

Kuna mtu anatushawishi tuchangie jenereta inayotumia maji badala ya petroli. Fundi umeme alipokataa, akajibiwa kwa kanuni ya kwanza ya Clarke. Tuchange?
Msomaji, Mwanza

Msichange. Kanuni ya kwanza inahusu uzoefu wa wataalamu waliokosea, haithibitishi mashine yoyote. Isaac Asimov, mwandishi mwenzake Clarke, aliona hatari hiyo akaandika nyongeza yake mwaka 1977: umma ukishabikia kwa jazba wazo lililokataliwa na wanasayansi hao wazee, basi huenda safari hiyo wazee ndio walio sahihi.

Hesabu yenyewe ni hii. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuvunja lita moja kunahitaji nishati ya yuniti 4.4 hivi za umeme, na haidrojeni hiyo ikiunguzwa tena hurudisha kiasi hichohicho, haizidi. Injini ya kawaida hugeuza robo hadi theluthi tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, iliyobaki hupotea kama joto. Kwa hiyo unaingiza yuniti 4.4 na kupata moja na kitu.

Akisisitiza, mpimeni. Ondoeni waya wa umeme wa nyumba, washeni taa ya wati 100, mashine iendeshwe saa 24 bila yeye kuigusa. Hizo ni yuniti 2.4. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50, ikifichwa ndani, ina yuniti 0.6 tu na taa itazimika kabla ya kutimia saa 7 za kuwaka. Majaribio ya dakika kumi mbele ya umati hayaonyeshi kitu. Fungueni na tangi: mkikuta vipande vya alumini au magnesi, hicho ndicho kinacholiwa kama mafuta, na bei yake mtailipa ninyi.

Clarke alikuwa wa Sri Lanka?
Msomaji, Mombasa

Alizaliwa Minehead, Uingereza, mwaka 1917. Alihamia Sri Lanka 1956, akafia huko 2008.

Naandika hadithi ya kisayansi kwa Kiswahili. Nikifuata kanuni ya tatu, si itageuka hadithi ya uchawi?
Mwandishi chipukizi, Zanzibar

Itageuka ukiacha chombo chako kifanye lolote unalotaka. Kanuni inasema namna mtazamaji anavyoona. Mwandishi hapaswi kuwa mtazamaji. Kabla ya sura ya kwanza, andika pembeni mambo matatu: chombo kinafanya nini, kinagharimu nini, kinashindwa lini. Kosa tunalokutana nalo sana ni kifaa kinachozuka sura ya mwisho kumwokoa shujaa, hali hakijatajwa popote.

Soma riwaya ya Clarke, Rendezvous with Rama, ya 1973. Mabaharia wa anga wanaingia ndani ya silinda ya urefu wa kilomita 50 na hawajui nani aliijenga hadi wanaondoka. Lakini Clarke hakubahatisha. Silinda inazunguka mara moja kila dakika nne, mzunguko huo ndio unaoleta uzito, na uso wa ndani uko kilomita 8 kutoka katikati. Piga hesabu: uzito pale ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa duniani, na kwenye mhimili haupo kabisa. Ndiyo maana ngazi zinazoshuka kutoka katikati huanza kwa wepesi, kisha mwili unazidi kulemea kadiri wanavyoteremka. Fumbo la wajenzi aliliacha lilivyo, ila uzito wa kila hatua aliujua.