Kabla Hujanunua Gitaa la Umeme, Jaribu Kwanza Yamaha Revstar

Vijana wanaojifunza gitaa la solo huniuliza mara kwa mara wanunue gitaa gani la umeme pale watakapokuwa wamejikusanyia fedha za kutosha kununua chombo cha kufanyia kazi, na majina wanayokuja nayo ni yaleyale: Stratocaster, Telecaster, Les Paul, na pengine Ibanez. Hayo ni magitaa mazuri, nami nimeyapiga kwa miaka mingi. Lakini jibu langu siku hizi ni Yamaha Revstar, hasa lile la daraja la Standard lililotoka mwaka 2022, na karibu kila ninayemtajia hajawahi kulishika. Ninalitumia kwenye bendi ya dansi usiku na kanisani asubuhi, na ninaandika haya kwa ajili ya mpiga gitaa ambaye mfuko wake unamruhusu kumiliki gitaa moja tu, litakalombeba katika kazi zake zote.

Sababu ya kwanza ya gitaa hili kupuuzwa ni jina lake. Huku pwani ukitaja Yamaha, mtu anaona mashine ya boti, au pikipiki, au kinanda cha kwaya. Gitaa la umeme halimjii akilini. Ukweli ni kwamba muziki ndio uliotangulia. Torakusu Yamaha alianza kwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule moja huko Hamamatsu, Japani, mwaka 1887, na kampuni ya pikipiki na injini ilitengwa na ile ya ala za muziki mwaka 1955. Hata nembo yao inaonyesha uma tatu za kutyunia zilizopishana. Magitaa yao ya umeme yameanza kutoka katikati ya miaka ya 1960, na kufika mwaka 1976 walikuwa na SG2000, gitaa ambalo Carlos Santana alilipiga mbele ya dunia nzima. Kwa hiyo anayesema Yamaha wanajaribu bahati katika magitaa ya umeme anazungumza asichokijua.

Sababu ya pili ni umbo. Revstar halifanani na Stratocaster wala Les Paul, na macho ya wapiga gitaa ni magumu kuzoea jipya. Wabunifu wake walichukua mawazo kutoka kwenye pikipiki za mbio zilizokuwa zikipunguzwa vikorokoro na vijana wa London miaka ya 1960, pamoja na gitaa lao wenyewe la miaka ya 1970 lililoitwa Super Flighter. Toleo la kwanza lilipotoka mwaka 2015, wengi walitazama picha na kupita. Hakukuwa na msanii mkongwe wa kulinadi. Leo wapo wapigaji wanaoheshimika wanaolitumia, kama Chris Buck wa Wales na Matteo Mancuso wa Sicilia, na huyo Mancuso ninamtaja kwa makusudi kwa sababu hupiga kwa vidole bila kipande cha plastiki. Anayependa mtindo wa kidole gumba na cha shahada, ule wa wapigaji wa zamani wa Katanga na magharibi mwa Kenya, atafaidika sana akimtazama namna anavyolitoa sauti gitaa hili.

Tuje kwenye gitaa lenyewe. Mwili wa Standard ni mahogani iliyofunikwa juu kwa mbao ya mepo, na ndani ya hiyo mahogani kumechimbwa nafasi tupu ambazo kwa nje huzioni. Wahandisi walizipanga mahali pake kwa kupima jinsi mbao inavyotetemeka, wala hawakuchimba ili kupunguza uzito peke yake, ingawa uzito nao umepungua. Les Paul nyingi hupita kilo nne. Langu linakaa karibu na kilo tatu na nusu. Mtu anayepiga saa moja jukwaani anaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo, ila sisi ambao tunaanza saa tatu usiku na kumaliza wakati wasafishaji wanapanga viti, bega la kushoto linaijua vizuri sana. Mwanamuziki kijana asidharau jambo hili. Nimewaona wakubwa zangu katika kazi wakiamka na mgongo unaokataa kunyooka kwa sababu ya gitaa walilolibeba ujana wao wote.

Shingo yake imeunganishwa kwa vipande vitatu vya mahogani vilivyogundishwa pamoja, kisha ndani ikaimarishwa kwa fito za kaboni. Kwa aliye Ulaya hayo ni maelezo ya kiufundi tu, lakini kwa aliye Tanga, Mombasa au Zanzibar ni jambo la kila wiki. Unyevu wa pwani hupanda wakati wa masika na kushuka kaskazi inapovuma, mbao hunywa na kutema maji, na shingo ya kipande kimoja hujipinda taratibu mpaka siku moja nyuzi zinaanza kugonga freti, vile vyuma vilivyolazwa kukatiza shingo, katikati ya wimbo. Gitaa langu hulala kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na marekebisho ya shingo niliyohitaji kulifanyia ni madogo kiasi kwamba ninayafanya mwenyewe kwa kuzungusha ufunguo kidogo. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kile chuma cha mwilini kinachokalisha nyuzi, ni inchi 24.75, mfupi kuliko inchi 25.5 za Stratocaster, na matokeo yake ni kwamba nyuzi za kipimo kilekile zinakuwa laini zaidi chini ya vidole. Kwa nyimbo zenye sehemu ndefu za sebene, ambapo mkono wa kushoto unarudia kifungu kilekile bila kupumzika mpaka rapa aridhike, ulaini huo ni akiba ya nguvu.

Lakini kama ningeambiwa nitaje kitu kimoja tu, ningetaja freti. Standard ina freti 22 za chuma cha pua, na hili ni jambo ambalo matangazo hulipitia haraka huku likiwa, kwa mazingira yetu, ndilo lenye thamani kuliko yote. Freti za kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Jasho la ukumbini na chumvi ya hewa ya bahari huzishambulia, zinapoteza ung'avu, kisha nyuzi zinachimba vijishimo hasa kwenye freti za kwanza na zile za katikati anakoishi mpiga solo. Vijishimo vikishakuwa virefu, sauti inaanza kuzomea, na tiba yake ni fundi kuzisawazisha, au kuzing'oa zote na kupanda mpya. Mafundi wanaoweza kazi hiyo vizuri si wengi, na usipompata mwenye mkono unaweza kurudishiwa gitaa likiwa na hali mbaya kuliko ulivyolipeleka. Freti za chuma cha pua hazipati kutu kwa urahisi na huchakaa polepole mno. Za kwangu bado zinang'aa, na ukivuta uzi kwa ajili ya kuupandisha noti, unateleza juu ya freti bila ule mkwaruzo unaousikia kwenye freti iliyochafuka.

Sasa sauti. Lina pikapu mbili, yaani vinasa-sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, kila moja ikiwa na koili (msokoto wa waya) mbili, lakini swichi yake ina nafasi tano badala ya tatu tulizozizoea kwenye magitaa ya namna hii. Nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano ni zilezile za siku zote: pikapu ya nyuma iliyo karibu na daraja, zote mbili, na ya mbele iliyo karibu na shingo. Ya pili na ya nne ndizo zilizonifanya nilinunue. Hapo pikapu zote mbili zinafanya kazi pamoja lakini mpangilio wa umeme wao umebadilishwa kidogo, kiasi kwamba sehemu ya sauti ya chini inajifuta yenyewe na kinachobaki ni sauti kavu, nyembamba, yenye kucheka kidogo kwa juu. Aliyelelewa na muziki wa dansi anaifahamu sauti hiyo hata kama hajui inavyopatikana, kwa sababu ndiyo inayopita katikati ya ngoma, besi, kinanda na wapuliza ala bila kugombana na yeyote.

Namna ninavyoitumia ni hii. Wimbo unapoanza polepole, mwimbaji akiwa anasimulia, ninakaa nafasi ya tano na kupunguza sauti hadi saba, gitaa linakuwa nene na tulivu nyuma yake. Mpiga ngoma akishageuza mwendo na mpiga rithimu akaanza kuzungusha kifungu chake, ninasukuma swichi hadi nafasi ya pili na kufungua sauti yote. Sigusi pedali, sigusi amplifaya, na fundi mitambo hana haja ya kunyanyua chochote. Gitaa la umeme lenye pikapu nene peke yake, likiingizwa kwenye sebene, huzama ndani ya sauti ya gitaa la rithimu na wasikilizaji husikia mvumo mmoja usio na sura. Hapa kila mmoja anasikika mahali pake.

Kuna pia kinachoitwa Focus, ambacho unakiwasha kwa kuvuta kitufe cha toni kwenda juu. Hakitumii betri. Kinapunguza makali ya juu na kunenepesha sauti ya kati na ya chini, mfano wa pikapu iliyosokotwa waya mwingi zaidi. Mimi ninakivuta ninapopiga mapambio kanisani, ambako gitaa huchomekwa kwenye miksa kupitia kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia gitaa moja kwa moja na miksa bila amplifaya, na sauti hutoka nyembamba na yenye kuchoma masikio. Mwambie mapema anayesimamia mitambo, maana ukikivuta sauti inabadilika ghafla naye anaweza kudhani kuna waya umelegea.

Si gitaa la kila mtu. Halina mkono wa kutikisa nyuzi, kwa hiyo anayetegemea mtikisiko huo asipoteze muda wake. Ukitaka ile sauti halisi ya Stratocaster, yenye uwazi wa pikapu ya koili moja, nafasi ya pili na ya nne zitakusogeza jirani lakini hazitakufikisha. Na ukija kuliuza, huenda usipate bei unayodhani linastahili, kwa sababu mnunuzi naye anatafuta jina analolifahamu. Jambo hilohilo ndilo linalomfaidisha anayenunua lililokwishatumika, nami ninashauri watu waanzie huko.

Revstar lina daraja tatu za ubora na bei. Element ndilo la chini, lilitoka likiuzwa Marekani kwa takribani dola 500. Lina mwili uliochimbwa vilevile, ila swichi yake ni ya nafasi tatu na badala ya Focus lina kichujio kinachokata sauti ya chini. Linamfaa mwanafunzi. Standard lilikuwa karibu dola 800, na ndilo ninalolipendekeza kwa anayefanya kazi. Lipo la RSS20, ambalo ndilo nililolieleza hapa, na la RSS02T lenye pikapu za P90, ambazo ni za koili moja nene na huvuma kidogo zikiwa karibu na taa au nyaya za umeme mbovu, jambo la kufikiriwa kwa kumbi zetu. Professional hutengenezwa Japani na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya Standard. Ni zuri sana, lakini sioni linachokuongezea jukwaani kinacholingana na fedha hizo.

Ukikutana na Revstar la mkononi, tazama kwanza namba ya modeli. Yale ya toleo la kwanza, kama RS420 na RS620, yana mwili mzito usiochimbwa na hayana swichi ya nafasi tano; usilipie bei ya toleo la pili kwa gitaa la toleo la kwanza. Kisha pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa shingo, kutoka freti ya kwanza hadi ya mwisho, pande zote mbili. Ncha za freti zikikukwaruza ujue mbao imekauka na kusinyaa, na utahitaji fundi wa kuzipiga msasa, kazi ambayo kwenye chuma cha pua ni ngumu na inakula mafaili. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba: panapopita kipande cha karatasi nene panatosha, na pakiwa pana kuliko hapo shingo imepinda. Chomeka kwenye amplifaya, pitia nafasi zote tano, vuta na kusukuma kitufe cha Focus mara kadhaa ukisikiliza mkwaruzo. Kitufe kikikwaruza kidogo, dawa ya kusafishia swichi inamaliza tatizo. Nafasi ya pili au ya nne ikiwa kimya kabisa, kuna waya umekatika au mtu amewahi kufungua na kuunganisha vibaya. Punguza bei au uondoke.

Ukishalipata, funga nyuzi za kumi kwa arobaini na sita (unene wake kwa elfu za inchi, kuanzia mwembamba hadi mnene), uyafute majasho kwenye nyuzi na kwenye daraja kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, kwa sababu freti zitavumilia chumvi lakini nyuzi na skrubu za daraja hazitavumilia. Anayetaka kupiga mi-solo kwa kuweka uzi mwembamba kwenye nafasi ya uzi wa nne, uliopandishwa oktava moja, amwombe fundi amchongee kipande kingine cha mfupa cha pale kichwani, kinachopitisha nyuzi kuingia kwenye shingo, badala ya kuharibu kile kilichokuja na gitaa, kwa kuwa tundu la uzi wa nne ni pana na uzi mwembamba utachezacheza ndani yake. Kwenye daraja kila uzi una kitandiko chake kinachosogezwa kwa skrubu, hivyo kuuweka sawa katika tyuni hakutamsumbua.