Damu Chooni kwa Mtoto wa Moyo: Usiisingizie Aspirini

Madaktari tarajali mnaoanza wodi ya watoto waliozaliwa na kasoro za moyo, nawaachia kosa langu.

Mvulana wa miaka 7, midomo ya bluu, Tetralojia ya Fallot (kasoro ya moyo ya kuzaliwa inayofanya damu yenye oksijeni kidogo isambae mwilini). Alishawekewa mrija wa kupeleka damu mapafuni, na anameza aspirini kila siku usizibe. Mama akasema mtoto anatoa damu chooni, bila maumivu. Nyumbani walidhani minyoo. Nikaandika kwenye faili: aspirini. Hemoglobini ilikuwa 14, nikaridhika.

Sista wa zamu akaniuliza taratibu, "Daktari, kwa mtoto wa bluu, 14 inatosha kweli?"

Haikutosha. Mwili unaokosa oksijeni hutengeneza chembe nyekundu kupita kawaida, kwa hiyo 14 yake ilikuwa upungufu uliojificha. Feritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma, ikarudi chini kabisa. Na kidole cha kupima njia ya haja kubwa, ambacho sikuwa nimempima nacho (aibu yangu hiyo), kikagusa kijinyama laini: polipi. Aspirini huzidisha kuvuja, lakini chanzo chenyewe lazima kitafutwe.

Polipi moja ya utotoni hukatwa, mambo yakaisha. Zikifika tano, au mzazi naye akiwa nazo, fikiria hitilafu za kurithi kwenye jeni za BMPR1A na SMAD4. Kuna watoto wanaozaliwa bila kipande cha kromosomu ya 10 chenye BMPR1A na PTEN: polipi nyingi tangu uchanga, kichwa kikubwa, na mara nyingine moyo wenye kasoro. SMAD4 nayo huweza kuleta damu za pua na mishipa ya mapafu iliyoungana vibaya, damu ikapita bila kuchukua oksijeni. Kwa hiyo moyo ukisharekebishwa na oksijeni bado iko chini, muulize mama habari za pua na choo kabla hujamlaumu fundi wa upasuaji.

Maandalizi ya kamera ya utumbo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Dawa ya kumharisha ili utumbo usafike inamkausha mtoto ambaye damu yake tayari ni nzito, na mrija unaweza kuziba. Anza dripu mapema, omba awe wa kwanza kwenye orodha, usimshindishe njaa. Toa kila povu la hewa kwenye mpira wa dripu, kwani kwake linaweza kuvuka moyo likafika ubongoni. Aspirini usiisimamishe peke yako. Mpigie daktari wa moyo, hata kama ni usiku.

Yule mvulana alikatwa polipi yake asubuhi. Jioni alimeza aspirini kama kawaida, pamoja na dawa ya madini ya chuma ambayo aliitemea koti langu la raundi.